Mhariri, uzoefu wangu niliutoa kwenye harusi ya watu

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, nipo hapa Tanga, Chumbageni, gazeti lako nikishalimaliza nafungia maandazi, na sijawahi kukuandikia hata mara moja ila leo imebidi. Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho kaja na ukurasa wenu wa matangazo ya kazi kaukunja mara nne, kaniwekea mezani bila kusema kitu, akaenda zake jikoni. Nikavaa miwani. Anatafutwa mpiga picha. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitano, umri usizidi 25, awe na kamera yake mwenyewe, na akiwa na pikipiki itakuwa sifa ya ziada. Kampuni siitaji maana wala siyo wao peke yao, matangazo ya hivo yamejaa, ila nilikaa nikapiga hesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili, mtu wa miaka 25 mwenye uzoefu wa mitano maana yake alianza na miaka 20, sasa akiwa na miaka 20 alimchukua nani ikiwa kila mtu anataka aliyekwisha chukuliwa na mwenzie? Na pikipiki juu! Binti yangu ana miaka 23, cheti anacho, picha anapiga nzuri kuliko nilizowahi kupiga mimi umri wangu wote, uzoefu ndo hana.

Kwaiyo nimeona nieleze mi wangu niliutoa wapi, maana niliutoa kwenye harusi ya watu, picha zao niliziunguza.

Nilimaliza form four mwaka 1986. Majibu yalivyotoka sikuchaguliwa kuendelea. Wakati ule Mzee Mwinyi hajamaliza hata miaka miwili, vitu ndo vinaanza kurudi madukani, sisi tuliotoka kwenye foleni za sabuni ya mche inakatwa vipande kwa uzi tukiona duka limejaa tunasimama tu mlangoni tunaangalia. Kukaa nyumbani bila kazi nako haikuwa mchezo, ile sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 watu walikuwa hawajaisahau, mtu anakutwa mjini hana kitambulisho cha kazi anapakiwa kwenye gari akalime, mama yangu alikuwa anaiogopa kuliko malaria. Basi mwezi wa tatu 1987 mama mmoja wa upatu wao akaja na habari kwamba kuna studio ya picha Ngamiani, kwenye barabara za namba (ya ngapi siisemi, wenyewe watajua), mwenye studio anatafuta msichana.

Msichana wa nini? Hapo ndo mama alipokunja uso.

Sababu ilikuwa ya maana kabisa. Harusi zetu za hapa mnazijua, wanawake wana upande wao, uwani au ndani, wamevua mabuibui, wamesuka, wamejipamba, wanacheza, na mwanaume haingii. Sasa mpiga picha ni mwanaume. Kwaiyo miaka yote Fundi (tukimwita hivohivo, Fundi, mi sikuwahi kumsikia mtu akimwita jina lake) alikuwa anapiga wanaume wanakula pilau barazani, harusi yenyewe iko ndani hajaiona. Akaona akimpata msichana akamfundisha kamera studio yake itachukua harusi zote za Tanga. Akili hiyo mi mpaka leo namvulia kofia.

Mama akaniongoza mpaka studio, kafunga ushungi kama anaenda mahakamani. Fundi akamwamkia vizuri, akatoa kiti, akaeleza kazi, kufagia, kupaka watu poda, kuandika majina kwenye bahasha, halafu pole pole kamera, na kusafisha picha, yaani kuzitoa kwa dawa, kwenye chumba cha giza.

"Chumba cha giza," mama akasema. "Mtoto wa kike. Na wewe."

"Dada, karibu uone mwenyewe."

Akaingia. Mi nikabaki nje na moyo unanidunda maana nikajua kazi imekwenda. Kumbe kule ndani Fundi kawasha taa yake nyekundu, kachukua karatasi nyeupe, kaimulika kidogo, kaitumbukiza kwenye sinia la dawa, halafu kamwambia mama angalia. Nikasikia kimya. Halafu nikasikia mama anapiga kelele, "Eh! Si mke wa muuza samaki huyu!" Alivyotoka alikuwa kasahau alikuja kugomba. Akakumbuka dakika ya mwisho akaweka masharti: mlango usitiwe komeo, papo pazia mbili nzito tu, na mke wa Fundi akae nje ya pazia wakati wote nikiwa ndani. Fundi akakubali na Bi Mkubwa akakubali, na miaka yote niliyofanya kazi pale Bi Mkubwa alikuwa nje ya lile pazia anamenya vitunguu au anachambua mchele, mi nimejifunza picha harufu ya dawa na vitunguu vimechanganyika.

Bibi yangu mzaa mama yeye hakuwa na neno na giza, yeye alishangaa tu hilo jina la kazi. "Mnasafisha picha? Na sabuni hii ya foleni?"

Miezi miwili ya mwanzo kamera sikuigusa. Kazi yangu ilikuwa koti. Studio ilikuwa na koti moja tu la suti, jeusi, kubwa, na tai iliyokwisha fungwa fundo lake likashonwa kabisa, unamvisha mteja kama kitanzi. Paspoti inamuonyesha mtu mbele, mgongo hauonekani, kwaiyo we unamvisha mtu mwembamba lile koti halafu unalivuta nyuma unalibana na vibanio vya nguo vinne vitano mpaka linamkaa sawa kama kalishonesha. Kwa mbele bwana mkubwa, kwa nyuma kamba ya kuanikia nguo. Halafu unamwambia sikio lionekane, unamfuta jasho, unampaka poda kidogo puani maana pua ndo inayong'aa. Vitambulisho vya watu wengi wa mji huu wa wakati ule, ofisini, bandarini, shuleni, wote wamevaa koti moja. Ukiwapanga picha zao mstari mmoja utadhani mtu na ndugu zake.

Jumamosi za mwisho wa mwezi ndo walikuwa wanakuja manamba wa mkonge kutoka Pongwe, Ngomeni na huko, wakishalipwa. Hao hawakutaka paspoti, hao walitaka picha ya wima, mtu mzima kichwa mpaka viatu, ya kutuma nyumbani, Kigoma, Njombe, mbali huko. Nyuma tulikuwa na pazia limechorwa ngazi na ndege inapaa, kando maua ya plastiki, na kulikuwa na radio kubwa isiyo na kitu ndani, ganda tupu, na simu ya mezani isiyo na waya. Walikuwa wanachagua. Kuna mmoja alitaka vyote, radio mkononi, simu sikioni, anatabasamu, mkononi makovu ya miiba ya mkonge mpaka kwenye kiwiko. Nilimuuliza kaka unaongea na nani? Akasema, "Na mama." Nikanyamaza.

Kamera yenyewe ilikuwa Yashica, ile ya boksi, lenzi mbili moja juu ya nyingine, huiweki jichoni, unaishika tumboni unainamisha kichwa unaangalia kwa juu. Na kile kioo chake kinageuza, mtu akienda kulia we unamuona anaenda kushoto. Wiki nzima nilikuwa nawayumbisha watu, babu sogea huku, hapana huku, hapana kule, mpaka mzee mmoja akanyanyuka kitini akasema mwanangu, ukishaamua utaniita.

Lakini penyewe ni chumba cha giza. Sijui niwaeleze vipi nyie mnaopiga na simu. Masinia matatu ya plastiki yamepangana. La kwanza dawa ya kutoa, Fundi alivyokuwa akiita, la katikati maji, la tatu dawa ya kushika. Karatasi ukiitia kwenye ya kwanza haina kitu, nyeupe, unaitikisa sinia taratibu kama unapepeta mchele, halafu zinaanza nywele. Nywele kwanza, nyusi, mboni za macho, yaani vile vyeusi ndo vinatangulia, halafu uso unajaa taratibu mtu anakutazama kutoka chini ya maji. Unamtoa, maji, unamtia kwenye ya kushika asiendelee kuwa mweusi. Ukichelewa anakuwa mkaa. Na Tanga hii ya mwezi wa tatu, joto, dawa inataka ubaridi, nyuzi ishirini hivi, ikipata joto picha inatoka kwa pupa na ile ngozi ya mkanda (filamu tunayotia kwenye kamera) inalainika inavuka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Kwaiyo kila asubuhi nilikuwa natumwa barafu, naibeba kwenye ndoo mbio haijayeyuka, tunaizungushia masinia. Saa ya kuhesabia haikuwepo. Fundi alikuwa mpenzi wa taarab, mtu wa Black Star damu, Lucky Star hataki hata kuwasikia, basi mkanda alikuwa anausafisha kwa wimbo, anaimba moyoni mwanzo mpaka mwisho halafu beti mbili tena, anatoa. Na alikuwa hakosei.

Karatasi unaifanyia kazi kwenye taa nyekundu, sababu karatasi haioni nyekundu. Mkanda unaona kila kitu, hata nyekundu, kwaiyo mkanda ni giza tupu, giza la kaburi, unafanya kwa mikono na pua. Hiyo pua muiweke akilini.

Dawa zetu zilikuwa zinakaa kwenye chupa za bia, zile za kahawia, maana mwanga unaziharibu. Ya kutoa chupa ya bia, ya kushika chupa ya bia. Karatasi za majina zilishaoza kwa unyevu zikatoka kitambo. Fundi alikuwa hajali, alikuwa ananusa tu, ya kushika inanuka siki, ya kutoa hainuki siki. Na mi nikazoea hivohivo kunusa.

Idd ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa mwezi wa tano. Siku ya Idd pale studio ni vita, foleni ya watoto mpaka barabarani, nguo mpya, miwani ya plastiki, wengine wanalia wengine wamemwagikiwa na soda, tulipiga mpaka mikanda ikatuishia. Baada ya Idd, mfungo mosi, harusi zikaanza, na ndo nikapewa ya kwanza peke yangu. Watu wa palepale Ngamiani. Bwana harusi anafanya kazi bandarini Mombasa, kapewa ruhusa ya siku chache, ana siku tatu arudi zake. Nikaingia ndani na kamera na flashi, wanawake kwanza wakanikodolea, halafu walivyoona ni mtoto wa fulani wakaniachia, nikapiga. Mikanda mitatu, picha kumi na mbili kila mmoja, ukikosea hurudii. Bi harusi na hina mikono mpaka viwiko na miguu mpaka kwenye vikuku, nilipiga mikono peke yake, miguu peke yake, shangazi zake wanne wanamfunika, halafu bwana harusi kaingia na joho lake kumpa mkono mkewe, nikapiga sita za hapohapo, mkono wangu unatetemeka lakini nikajua nimezipata. Mkanda wa pili wote ulikuwa huo.

Narudi studio, Fundi kalala. Malaria. Kajifunika shuka meno yanagongana. Kesho yake akawa vilevile, na kina bi harusi wanatuma mtoto kila saa, bwana anaondoka, anataka kuondoka na picha. Sasa mi nina miezi mitatu tu kwenye kazi, nishasafisha mikanda mingi lakini Fundi akiwa pembeni. Nikajiona nimeiva. Ilikuwa kipupwe kimeanza, asubuhi ubaridi, nimeamka na mafua hayo, pua zote mbili zimeziba.

Nadhani ushaona inapoelekea.

Nikaingia, nikazima kila kitu, nikanusa chupa ya kwanza, sisikii kitu, nikanusa ya pili, sisikii kitu, nikasema basi, ya kutoa Fundi huwa anaiweka kulia. Kumbe Bi Mkubwa siku ya Idd alisogeza chupa apanguse meza. Bahati nilianza na mkanda mmoja, na bahati mbaya ndo ule wa pili. Nikautia kwenye dawa, nikaimba wimbo wote na beti zake mbili, maji, dawa nyingine, maji, nikausuuza nikautundika kwa kibanio, nikawasha taa.

Mweupe pee. Unaona ukuta wa pili. Ukianza na dawa ya kushika inakula kila kitu kilichokuwa kwenye mkanda, hakibaki hata kivuli, unabaki na nailoni. Niliushika ule mkanda nikaugeuza upande huu na huu utadhani harusi iko upande wa nyuma. Halafu nikakaa chini. Mawazo yaliyonipita siwezi kuyaandika gazetini, moja lilikuwa kwenda stendi kupanda basi la Lushoto kwa babu.

"Mbona kimya?" Bi Mkubwa huko nje.

Nikashindwa kujibu. Akamwita mumewe. Fundi akaja kajizungushia shuka kama maiti aliyeamka, akauchukua mkanda, akauangalia, akaunusa, halafu akaniangalia mimi na pua yangu nyekundu.

"Una mafua?"

"Ndiyo Fundi."

Akakaa juu ya ndoo. Akakaa muda mrefu. Halafu akasema ile mikanda mingine nisiiguse, akaisafisha mwenyewe na homa yake, na ikatoka safi kabisa, masufuria ya pilau, wazee barazani, shangazi wanne. Harusi nzima tunayo isipokuwa bwana na bibi.

Jioni akanichukua tukaenda nyumbani kwao. Anatembea taratibu anashika kuta. Mi nyuma yake na kanga kichwani nimejiziba mpaka macho. Akaeleza, hakuzunguka, akasema mkanda mmoja umeungua. Mama wa bi harusi akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani kamwaga? Pale mi nikajua ndo natajwa. Fundi akasema, "Studio." Basi. Yule mama akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akarudia, nani? Akasema, "Studio, dada. Studio imemwaga." Shangazi mmoja akatusema sana, maneno mengine ya Kibondei sikuyajua na nafurahi sikuyajua. Aliyetuokoa ni bi harusi mwenyewe, mdogo tu, tulikuwa rika moja, akachungulia pazia akasema nipigeni tena, hina bado iko.

Lakini bwana hayupo. Asubuhi ile alishaondoka na basi la Mombasa, watu walichoka kumshikilia.

Fundi akasema haidhuru. Akampiga bi harusi studio mbele ya shuka jeupe, kakaa upande mmoja wa picha, upande wa pili wazi. Halafu akaandika barua, akampa mtu anayevuka Horohoro, kwamba bwana harusi avae kanzu na joho lilelile, aende studio yoyote Mombasa, asimame mbele ya kitambaa cheupe, upande wa kulia wa picha, kushoto aache nafasi ya mke, na alete mkanda siyo picha. Zikapita wiki mbili. Ikaja bahasha. Tukautoa ule mkanda tukaushika kwenye mwanga, na bwana harusi kasimama vizuri, kapendeza, kushoto. Sijui ni mpiga picha aliyesoma vibaya au ni yeye. Tukiziunganisha anamkalia mkewe mapajani.

Nikadhani tumekwama. Fundi akaucheka kidogo, akaugeuza mkanda nyuma mbele akautia kwenye mashine ya kukuzia, na bwana harusi akahamia kulia.

Halafu ikaanza kazi. Karatasi moja. Unaifunika nusu kwa kadibodi, unammulika bibi upande wake, unabadili mkanda, unaifunika nusu ya pili, unammulika bwana, na ile kadibodi usiiache ikakaa tuli, uwe unaichezesha kidogokidogo muda wote ili mpaka usionekane, ukiiacha tuli unapata mstari kama ukuta, ukiizidisha wanaota moshi katikati. Fundi alifanya ya kwanza, akanionyesha, halafu akanipa kadibodi mimi. Karatasi wakati ule ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Nikaharibu ya kwanza. Ya pili bibi mkubwa kuliko bwana. Ya tatu mstari, ya nne mstari, ya tano moshi. Kila moja nikitegemea ataninyang'anya, ananipa nyingine. Ya sita na ya saba sikumbuki. Ya nane wakakaa. Tulikuwa tumeinama wote kwenye sinia, na Bi Mkubwa kachungulia na kisu cha vitunguu mkononi, na wao wawili wanatokea chini ya dawa taratibu, bibi kwanza kwa sababu ya hina na nywele, halafu bwana na joho, pamoja.

Msidhani nilisamehewa lakini. Alinikata mkanda na zile karatasi saba, ya nane hakuihesabu, miezi mitatu mfululizo, na mshahara wenyewe ulikuwa mdogo na mama anauchukua wote kwenye upatu, kwaiyo nyumbani nako nikasemwa upya. Nilinuna. Nilikuwa najiambia mzee huyu mbele za watu anasema studio, pembeni ananikata mimi. Ilinichukua miaka kuona kwamba vyote viwili vilikuwa sawa. Na kesho yake nilivyoingia chumba cha giza nikakuta ile chupa ya dawa ya kushika imefungwa kamba ya mkonge shingoni, mafundo matatu, ukiipapasa tu unaijua hata ungekuwa huna pua kabisa. Hakusema kitu, na mi sikuuliza.

Nilikaa pale mpaka 1991. Niliona Coastal wanachukua ubingwa mwaka 1988, hapo tulichapa picha za timu mpaka vidole vikababuka. Harusi za wanawake tulizichukua kweli, mpaka Muheza wananiita. Baadaye nikaolewa, nikafungua kibanda changu, rangi zikaja, digitali zikaja, paspoti ndo zilikuwa zinanilisha halafu 2015 wakaja na BVR, zile mashine za kuandikisha wapiga kura, NIDA wa vitambulisho vya taifa nao na kamera zao, wanakupiga wenyewe bila koti bila poda mtu anatoka kama mhalifu, basi nikafunga. Hayo ni ya barua nyingine.

Ninachotaka hao wenye matangazo waelewe ni bei. Mi kuniivisha kulimgharimu Fundi zile karatasi ambazo hakunikata, na nusu saa ya kusimama na homa kwenye uwa wa watu anatukanwa. Hiyo ndo gharama ya uzoefu, iko palepale hata leo, mtoto lazima ataharibu kitu na lazima mtu mzima asimame aseme studio imemwaga. Anayeandika awe na uzoefu wa miaka mitano anataka mtoto aliyekwisha haribia kwa mwenzie. Sawa, lakini huyo mwenzie ni nani ikiwa wote mnaandika hivohivo? Na nyie gazeti mnapokea hela ya tangazo mnalichapa, hamumuulizi hata mmoja kwamba ndugu hii hesabu umeipiga?

Binti nimemwambia apeleke maombi hivohivo, pikipiki tutasema ipo njiani.

Mwaka jana nilienda kuwatembelea wale maharusi, wako hapahapa Tanga, bwana alishastaafu siku nyingi karudi. Picha iko sebuleni juu ya televisheni, kwenye fremu, imekuwa ya kahawia kidogo lakini haijafa, tuliisuuza vizuri. Ukiijua utaona moshi mwembamba katikati yao, usipoijua huoni. Mjukuu wao mmoja wa miaka tisa kumi hivi, macho makali, kapanda kwenye kochi kaisogelea, akauliza mbona babu saa kaivaa mkono wa kulia, na kila siku anaivaa kushoto?

Nikaacha kunywa chai. Bibi yake akaangalia dirishani.

"Ilikuwa fasheni ya Mombasa," babu akasema, hata kichwa hakuinua, akaniambia mi nimsogezee sukari.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga.